Msizikate Picha

Assalaam alaykum, na wageni wetu karibuni. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: msizikate picha za mapenzi yaliyokwisha.

Marehemu shangazi yangu alikuwa na picha ya studio, nyeusi na nyeupe, ya miaka ya 1960. Picha za siku zile zilikuwa na kingo za meno-meno, wazee mnazikumbuka. Yake ilikuwa na meno pande tatu. Upande wa nne laini, umenyooka kwa mkasi. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi, mkufu shingoni, naye haangalii kamera. Anaangalia kule karatasi ilikoishia. Begani pake pana vidole vinne na ncha ya mkono wa shati. Utotoni nilidhani ni mkono wa mpiga picha! Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza, "Shangazi, mbona huyu hukummaliza?" Akanijibu, "Ningeukata mkono, bega langu lingekwenda nao." Akaipokea, akairudisha sandukuni chini ya kanga. Jina la mwenye vidole vile silijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba havikumbana shangazi, vimetua tu.

Mtaniambia: mtu keshaolewa kwingine, picha ya wa zamani ndani ya nyumba ni fitina. Jamani, nani kasema muitundike ukumbini? Mpe dada yako akuwekee. Mpe mama. Siku ya mkasi ni siku ya hasira, na picha ile utaihitaji miaka ishirini baadaye, utakapotaka kujua wewe ulikuwa nani ulipokuwa ukipendwa. Atakayekuonyesha ni nani, kama umeshaikata?

Mpiga picha Nobuyoshi Araki wa Japani, mwaka 1971, alimpiga picha mkewe Yoko katika fungate yao: amelala mtumbwini, amejikunja juu ya mkeka. Bibi harusi kachoka na safari, basi. Yoko akafariki 1990. Tangu hapo, nani anaitazama picha ile akaona usingizi peke yake? Na hakuna aliyeigusa.

Mji wetu huu wa Zanzibar umepigwa picha sana. Capital Art Studio ya akina Oza ilifunguliwa 1930, na studio nyingine zikafuata. Sanaa hiyo nyingi haimo makumbusho, imo masandukuni mwenu, nanyi mnaishikia mkasi!

Nilitaka kumzungumzia kwa kirefu Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, naona muda umekwisha. Yeye naye alikata picha, lakini alikata sura ya mtu ili aipandikize ndani ya picha nyingine. Mkasi wake ulikuwa wa kuunga. Tutamrudia.

Kesho nitakuwa hapahapa baada ya alasiri. Nileteeni za kwenu, hasa zile zenye meno pande tatu.