Arubuni Inatoka kwa Nani?

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni barazani. Mkisikia kelele mtuwie radhi, jirani anakuna nazi, na dirisha hatulifungi kwa joto hili la Mombasa. Niko na mdogo wangu Kombo, sote waandishi wa kujitegemea, na leo ni habari ya arubuni, yale malipo ya mbele kabla ya kazi.

KOMBO: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba. Haya, hiyo simu ina nini? Tangu umeingia macho huyatoi.

KOMBO: Nimepata kazi. Au tuseme kazi imenipata mimi. Ujumbe wa WhatsApp, alfajiri: "Hongera, umechaguliwa kuwa mwandishi wetu. Tunalipa shilingi 450 kwa ukurasa. Tuma 1,500 ya usajili na mafunzo, uanze leo."

ZUHURA: Uliomba?

KOMBO: Sikuomba.

ZUHURA: Basi umechaguliwa kama kuku anavyochaguliwa siku ya Idi.

KOMBO: (anacheka) Lakini dada, 450! Mimi nimewahi kuandika kwa 250.

ZUHURA: Ndipo wanapokukamata. Kazi ya kulipia kwanza si kazi. Bei wanaipandisha kwa sababu hawatailipa. Hata 2,000 kwa ukurasa angeweza kuandika, hakuna kinachomgharimu. Ila wa 2,000 ungemshuku, wa 450 unaanza kupiga hesabu.

KOMBO: Kusema kweli nilishaanza.

ZUHURA: Mimi pia nilipiga hesabu hizo, mwaka wangu wa kwanza. Wakati huo kazi nyingi tulizopata ni za kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Ukurasa ni maneno 275, unalipwa kwa ukurasa. Na mlango wa kuingilia ulikuwa akaunti ya tovuti inayogawa kazi hizo. Wewe mgeni tovuti haikukubali, basi kuna mtu ana akaunti yenye nyota nyingi, anakuuzia.

KOMBO: Bei gani?

ZUHURA: Nililipa 15,000. Elfu nane yangu, elfu saba ya mama, pesa ya chama. Nikaandika wiki tatu, usiku na mchana. Siku moja tovuti ikataka mwenye akaunti aoneshe uso wake kwenye kamera, na kitambulisho. Uso wangu mimi ni huu, jina la akaunti ni la mwanamume wa mji mwingine. Nikampigia broka aliyeniuzia. Simu haikupatikana, na mpaka leo haijapatikana. Pesa ya wiki tatu ilibaki mle ndani, na mwenye jina ndiye angeweza kuitoa.

KOMBO: Hukushtaki?

ZUHURA: Ningeenda kusema nini? Kanuni za tovuti zenyewe zilikataza kuuziana akaunti. Mwizi wangu alijua sina pa kumshtakia. Na zile insha, niseme wazi, sijivunii. Uingereza walipitisha sheria 2022, kumuuzia mwanafunzi insha kukawa kosa la jinai kule England. Niliwahi kuwaonea huruma wanafunzi wale, siku hizi najionea huruma mwenyewe. Nimewaandikia watu shahada zao kwa bei ya sahani mbili za pilau.

KOMBO: Ngoja, dada, nikubane kidogo. Unasema kazi ya kulipia kwanza si kazi. Mbona Upwork, ile tovuti ya kutafutia kazi, unalipa? Kila ukituma ombi unatoa zile konekti zao, alama za kuombea kazi, na wewe unazinunua kila mwezi, nimekuona.

ZUHURA: Umenipata hapo. Konekti moja ni senti 15 za dola. Ombi moja laweza kula 16. Hiyo ni dola 2 na senti 40, kwa dola ya shilingi 129 au 130 ni kama 310.

KOMBO: Yaani kuomba kazi mara moja...

ZUHURA: ...ni ujira wa ukurasa mmoja wa zamani. Na waombaji ni wengi, anachukuliwa mmoja. Tofauti niionayo ni kwamba pale bei imebandikwa ukutani, kazi naisoma kabla sijalipa, na rekodi ya mteja ipo, ameshalipa wangapi na kiasi gani. Lakini sitakudanganya, ni bahati nasibu yenye risiti. Mimi nina kiwango: maombi manane kwa mwezi, yakiisha naacha.

KOMBO: Na Fiverr, tovuti nyingine ya kazi, wanakata 20 kwa 100. Kazi ya dola 10 unapokea 8, kabla hujalipia kuitoa.

ZUHURA: Sasa lete daftari, tufanye ile hesabu ambayo waandishi wengi hatuifanyi. Chukua kazi yako ya mwisho.

KOMBO: Kurasa 10, kwa 300. Elfu tatu. Niliandika saa 10 hivi. Halafu akarudisha nirekebishe, mara mbili. Saa nyingine 4.

ZUHURA: 14. Elfu tatu gawa kwa 14?

KOMBO: 214 kwa saa. Si mbaya.

ZUHURA: Hujamaliza. Intaneti ya nyumbani?

KOMBO: 3,000 kwa mwezi. Tokeni za stima, sehemu ya kazi tu, tuseme 1,500. Laptopu nilinunua 42,000, mtumba.

ZUHURA: Mungu akijalia itakaa miaka mitatu. 42,000 kwa miezi 36 ni kama 1,170. Jumla 5,670. Saa ngapi kwa mwezi unaandika kitu kinacholipwa? Nauliza kuandika, si kukaa mbele ya kompyuta.

KOMBO: Mia. Zilizobaki natafuta kazi na kudai.

ZUHURA: Basi kila saa inayolipwa inabeba shilingi 57 za gharama. 214 toa 57.

KOMBO: 157.

ZUHURA: Na zile saa za kutafuta na kudai ni bure kabisa. Bado bima ya afya. Mwajiriwa anakatwa 2.75 kwa 100 ya mshahara kila mwezi na wala haoni. Sisi tusio na mwajiri tunatakiwa tutoe ya mwaka mzima mbele. Hata ukiwa kwenye kiwango cha chini kabisa cha 300 kwa mwezi, ni 3,600 kwa mkupuo mmoja, na pengine mwezi huo mteja hajatuma kitu.

KOMBO: Mbona kila kitu chetu ni mbele, isipokuwa malipo?

ZUHURA: Ndiyo hoja yangu ya leo! Nenda kwa fundi cherehani Ramadhani hii. Umpelekee kitambaa, umwambie "nishonee kanzu ya Idi, nikiipenda nitakulipa."

KOMBO: Atanitupia kitambaa usoni.

ZUHURA: Atataka arubuni. Seremala arubuni, mpishi wa harusi arubuni, tena huyo anataka na mchele uletwe kabla. Hakuna anayewaona wana tamaa. Mwandishi akitaja arubuni, mteja anashangaa, na mwandishi mwenyewe anaona haya.

KOMBO: Mimi ndiyo huona haya. Nahisi atakwenda kwa mwingine.

ZUHURA: Wengine watakwenda. Nilipoanza kudai nusu mbele nilipoteza wateja wawili mwezi wa kwanza. Mmoja alikuwa bado ana deni langu la miezi miwili, kwa hiyo sijui nilimpoteza au nilipona.

KOMBO: Na majaribio je? Kuna jamaa alinitaka niandike makala ya majaribio, maneno 1,200, bure. Nikaandika. Akasema hayajafikia kiwango. Baada ya mwezi nikayakuta kwenye tovuti yake, neno kwa neno, na kosa langu la tahajia limo vilevile.

ZUHURA: Hata kusahihisha hakusahihisha!

KOMBO: Limo mpaka leo. Huwa naenda kulisalimia.

ZUHURA: Majaribio ni aya moja, au muoneshe kazi ulizokwisha kuandika. Akitaka makala nzima, ailipie kama makala.

KOMBO: Na akishakudhulumu, ndiyo basi?

ZUHURA: Inategemea yuko wapi. Akiwa hapahapa Kenya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016. Madai hadi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Lakini uwe na kitu mkononi: makubaliano, hata ya barua pepe, yenye bei na tarehe. Mteja akiwa ng'ambo, hapo usijidanganye, utamkimbiza mpaka uchoke. Ndiyo maana arubuni kwake ni lazima zaidi.

KOMBO: Wenzetu kule wana sheria?

ZUHURA: Jiji la New York wanayo tangu 2017. Kazi ya dola 800 na kuendelea iwe na mkataba wa maandishi, na kama haukutaja tarehe ya malipo, mwandishi alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza. 2024 jimbo zima likafuata. Sheria hiyo haikuletei arubuni, lakini angalau mtu anajua siku yake.

KOMBO: Sisi siku yetu ni "nitakucheki, boss".

ZUHURA: (anacheka) Haya, huyo wa 1,500 mjibu sasa hivi, tuko hewani. Andika: "Ahsante kwa nafasi."

KOMBO: "Ahsante kwa nafasi."

ZUHURA: "Naomba hiyo 1,500 mnikate kwenye malipo yangu ya kwanza."

KOMBO: Nimetuma. Tiki mbili. Zimekuwa za buluu... Anaandika. Ameacha. Anaandika tena.

ZUHURA: Mpe muda, anatafuta kitabu cha sera.

KOMBO: Dada, picha yake imetoweka.

ZUHURA: Mtumie nyingine.

KOMBO: Tiki moja.