Jiwe Halipendi Kuvutwa

Assalamu alaykum wazee wangu, mafundi, na vijana wa ujenzi. Nilipoambiwa nizungumzie madaraja ya mawe ya njia za milimani, nikauliza: Unguja mlima uko wapi? Nikajibiwa, ndiyo maana tunataka kusikia. Haya.

Vyumba vya Mji Mkongwe mnavijua: virefu, lakini upana wake karibu mita 3 tu. Si uchoyo wa mwenye nyumba. Boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua. Ukiipitisha hapo inabonyea.

Sasa twendeni Mostar, Bosnia, mto Neretva unapopita baina ya milima. Fundi Hayruddin, mwanafunzi wa Sinan, msanifu mkuu wa majengo wa dola ya Uthmaniya, alimaliza daraja lake mwaka 1566. Tao moja tu, karibu mita 29, bila ya nguzo katikati! Jiwe ukiligandamiza linastahimili, ukilivuta linakatika. Kwenye tao kila jiwe linamsukuma mwenzake, mpaka uzito wote ufike ukingoni. Lakini kabla ya jiwe la mwisho la juu kutiwa, tao halijisimamii, limelalia kiunzi cha mbao. Mawe yale yalifungwa kwa vyuma, kisha madini ya risasi yakayeyushwa na kumiminwa kwenye matundu, chuma kisicheze. Mimi kazi hiyo ya risasi hunishangaza kuliko ukubwa wa daraja lenyewe.

Mzee wangu hapo mbele anauliza, uzito wa juu hauliangushi? Mara nyingi uzito hulibana tu, mzee wangu. Ogopa miguu ya tao ikisogea, na ogopa maji. Daraja la Plaka, milima ya Epirus, Ugiriki, lilijengwa 1866, tao lake mita 40. Februari 2015 mto Arachthos ukafurika, likaenda na maji, limeshajengwa upya. La Mostar lilipigwa mizinga ya vita hadi likaanguka Novemba 1993, likafunguliwa tena 2004, kwa mawe ya aina ile ile.

Sisi madaraja hayo hatuna, lakini hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea yenye kuba, tunayo, ile aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrzad. Kuba nayo ni tao lililozungushwa. Vijana, mkenda huko msiishie kupiga picha maua ya plasta. Inameni mtazame pale kuba inapokalia ukuta, na mkiona ufa, pimeni upana wake, muandike na tarehe, ili wa mwakani apate cha kulinganisha.