Determinanti ikiwa sifuri, usitupe kalamu
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa humanite, yaani sekondari, Bukavu)

Walimu wenzangu, na ninyi vijana, jamboni. Walionisikia Bagira wanajua nitakachosema. Wanivumilie, maana makaratasi ninayosahihisha hayajabadilika.

Mtoto anapewa milinganyo miwili. Anakimbilia kanuni ya Cramer, anatafuta determinanti (ile namba unayoipata ukizidisha kimkingamo namba zilizo mbele ya x na y, kisha ukatoa), anakuta sifuri. Anaandika "haiwezekani", anapiga mistari miwili chini yake, anageuza ukurasa. Nani kamwambia haiwezekani? Sifuri ile inasema jambo moja tu: jibu la pekee halipo. Huenda hakuna jibu hata moja, huenda yako mengi yasiyo na mwisho. Gabriel Cramer wa Geneva alichapisha kanuni yake mwaka 1750, nayo inagawanya kwa determinanti. Kwa sifuri hatugawanyi. Basi Cramer hapo amenyamaza, wewe ndiye unayemsemea!

Twende sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Unamtuma mtoto sokoni, analeta kilo mbili za maharagi na kilo moja ya sambaza, wale samaki wadogo, tuseme kwa franka 20 000. Kesho yake analeta kilo nne za maharagi na mbili za sambaza, franka 40 000. Unataka kujua kilo ya kila kimoja ni bei gani: x iwe ya maharagi, y ya sambaza.

2x + y = 20 000
4x + 2y = 40 000

Determinanti ni 2×2 toa 1×4: sifuri. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa mbili, utoe kwenye wa pili, unabaki na 0 = 0. Safari ya pili haikukuambia chochote kipya. Maharagi yaweza kuwa 3 000 na sambaza 14 000, au 5 000 na 10 000. Yote yanakubali.

Sasa mtoto akisema safari ya pili ilikuwa 38 000? Upande wa kushoto hatujaugusa, determinanti ni sifuri ile ile. Lakini ukitoa unapata 0 = −2 000. Hapo ndipo haiwezekani! Ama mama wa sokoni kashusha bei, ama kuna andazi lililoliwa njiani. Hesabu haimtaji mtu. Inasema tu kwamba hakuna bei moja inayotosheleza siku zote mbili.

Naona kijana mmoja anatabasamu: "Prof, kama majibu hayana mwisho, si niandike namba yoyote?" Andika basi 1 000 na 1 000, uone kama utafika 20 000. Una uhuru wa kuchagua x; ukishaichagua, y imefungwa: y = 20 000 − 2x. Hilo ndilo jibu kamili. Anayeandika "majibu mengi" akaishia hapo simpi alama zote, aende akanishtaki.

Na mwingine ataniuliza mbona yasiwe majibu mawili tu. Hayawezi. Chukua yale mawili ya juu, tafuta wastani: 4 000 na 12 000. Nalo ni jibu. Tafuta tena wastani wa hilo na la kwanza, 3 500 na 13 000: jibu. Ukipata mawili tofauti umeshapata mstari mzima. Kwa milinganyo ya namna hii ni hakuna, moja, au bila mwisho.

Mchoro mnaujua, kila mlinganyo ni mstari: mistari sambamba isiyokutana, au mstari mmoja juu ya mwingine. Napita. Ila msibebe picha hiyo hadi kwenye milinganyo ya herufi tatu, ambako kila mlinganyo ni bapa, yaani uso tambarare, mkidhani lazima kuwe na bapa zilizo sambamba. Tazameni: x − y = 0, y − z = 0, x − z = 1. Kila mbili zinakutana vizuri, zote tatu hazikutani popote. Jumlisha mbili za kwanza, unapata x − z = 0, na ya tatu inasema 1. Kwisha.

Nilitaka kufika kwenye teorema ya Rouché, inayotuambia lini majibu yapo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na mwaka jana alinizimia mikrofoni. Basi nakilini hili, k ni namba mtakayoitafuta:

kx + y = 1
x + ky = 1

Determinanti ni k² − 1, inakuwa sifuri kwa k mbili. Moja inatoa 0 = 0, nyingine inatoa 0 = 2. Nitakayemkuta ameandika "haiwezekani" kwa zote mbili atakuja kuifanya mbele ya ubao. Maswali?