Tukipunguza Begi, Ndege Inapunguza Nini?

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii.

Anayesafiri kwa ndege siku hizi hakosi kukutana na nasaha za kutunza mazingira. Punguza mizigo. Njoo na chupa yako ya maji. Tiketi iwe kwenye simu, usiichapishe. Teremsha kifuniko cha dirisha unaposhuka, ndani kusipate joto. Mwaka 2009 shirika la ANA la Japani lilifika hadi kuwaomba abiria waende msalani kabla ya kupanda. Je, haya yanasaidia? Nitajibu kwa hesabu.

Tuchukue begi, kwa kuwa ndiyo nasaha yenye uzito kuliko zote. Ndege huchoma mafuta ili kubeba kila kilichomo, yakiwemo mafuta yenyewe. Katika safari ndefu, kila kilo ya ziada hula mafuta ya takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa kila saa ya kuruka. Ukiacha kilo 5 nyumbani katika safari ya saa 10, umeokoa kama kilo moja na nusu ya mafuta. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Basi akiba yako ni karibu kilo 5 za hewa ukaa. Sasa tazama fungu lako wewe uliyekaa daraja la kawaida katika safari hiyo hiyo: ni mamia ya kilo, tuseme 600. Akiba yako haifiki hata asilimia 1.

Najua mtu atasema, tukifanya sote je? Nimelifikiria sana swali hilo. Abiria 300 wakipunguza kilo 5 kila mmoja, akiba inazidishwa mara 300, lakini na moshi wa ndege nao ni wa watu 300. Asilimia inabaki ile ile. Nawaheshimu wanaofanya hivyo, nami nafanya. Ila tusidhani deni limelipwa.

Chupa ya maji inapunguza taka za plastiki, na hilo ni jema; injini haina habari nayo.

Yenye nguvu kweli ni mengine. Kwanza, kwenda au kutokwenda. Pili, kuruka moja kwa moja bila kubadili ndege njiani, maana kupaa hula mafuta mengi na kuzunguka huongeza umbali. Tatu, kiti. Kiti cha daraja la biashara hula nafasi kubwa, na katika safari ndefu fungu lake la moshi hukadiriwa kuwa karibu mara 3 ya kiti cha kawaida. Mimi sijawahi kuona shirika likimshauri abiria asikinunue kiti hicho. Ndicho kinacholipa vizuri.

Tuwe waadilifu: mwaka 2019 KLM ya Uholanzi iliwauliza wateja wake kama ni lazima wakutane ana kwa ana, na kama hawawezi kupanda treni. Kwa hilo naivulia kofia. Lakini Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba matangazo kadhaa ya shirika hilo yalipotosha, kwa kuwa yalipamba mno faida ya kupanda miti na ya mafuta mbadala, yaani yasiyochimbwa ardhini. Na mafuta hayo mwaka 2024 hayakufika hata asilimia 1 ya mafuta yote ya ndege duniani. Abiria aliyeyaamini matangazo yale alipanda ndege kwa moyo mweupe, na hilo ndilo linaloniuma: nia njema ya mtu kutumiwa kumuuzia tiketi nyingine.

Ninachotaka mashirika yafanye ni kitu kimoja. Rubani haondoki bila kujua ndege imejazwa mafuta kiasi gani, na baada ya kutua hujulikana yaliyotumika. Hesabu ya kila njia, kila aina ya ndege na kila daraja inaweza kutolewa humo. Iandikwe kando ya nauli, kwa kilo, kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa bei, tuione kabla hatujalipa.