Kioo cha Gari Kikishuka Chenyewe, Uliza Kwanza Kilishuka Lini

(Mazungumzo na madereva na vijana wa gereji, Mwanjelwa, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, poleni na kazi. Nimeombwa nizungumzie umeme wa gari, nami nikasema umeme wa gari ni bahari, leo nitachota kikombe kimoja tu: vioo vya pawa windo vinavyoshuka bila mtu kugusa swichi. Nimechagua hiki kwa sababu kimenila hela na kimenila heshima, na nadhani humu ndani siko peke yangu.

Miaka kadhaa nyuma aliniletea gari mama mmoja, mwalimu, ambaye kila wiki yuko barabarani kati ya Tukuyu na hapa mjini. Kioo cha nyuma kushoto kinajishukia. Nikafungua mlango wa nyuma kushoto. Si ndiko kioo kilipo? Nikaitazama mota, nikaiona imechoka, nikabadilisha. Baada ya wiki mbili akarudi. Nikabadilisha swichi ya mlango ule ule. Akarudi tena. Mara hii ya tatu hakuwa hata na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akaniambia, "Fundi, kazi hii si yangu, ila nimekaa nikafikiri. Kinashuka siku za mvua tu. Tena si kila mvua. Ni mpaka niwe nimesimama Kiwira kununua ndizi."

Nikacheka. Ndizi na kioo wapi na wapi? Lakini hebu tazameni anavyozinunua hizo ndizi. Anasimama pembeni, gari linaunguruma, anashusha kioo chake cha dereva, akina mama wanasogea na mikungu, bei inavutwa huku na huku. Mvua ya Rungwe mnaijua, haibishi hodi. Inaingia dirishani na kutua wapi? Kwenye swichi zile za mkononi mwa dereva. Anapandisha kioo chake, anaondoka, na kabla hajafika Isyonje kioo cha nyuma kimeshateremka.

Sasa kwa nini maji yalowanishe mlango wa dereva, kioo kishuke nyuma kushoto? Hapo ndipo nilipokuwa sijui kazi yangu. Kijana, shika betri hiyo, na mota hii. Mota ya kioo ni ya volti 12, ina waya mbili tu. Upande huu ukipeleka moto, yaani chanya cha betri, na ule bodi, yaani hasi, inazunguka hivi, kioo kinapanda. Geuza. Umeona? Kinashuka. Je, kioo kikiwa kimetulia, hizo waya mbili ziko wapi? Wengi mtasema zinaning'inia tu, hazina kitu. Hapana. Zote mbili zimelala bodi. Ukiachia swichi, inazirudisha zote bodi. Kwa hiyo waya wa kushusha ukipoteza bodi yake kwa kutu, na moto ukapenya humo, hauhitaji msaada mwingine. Mwenzake upande wa pili tayari ana bodi, anamsubiri.

Na kwenye Toyota nyingi na magari mengine ya Kijapani tunayoendesha, waya za milango mingine kwenda kupata bodi zinapitia ndani ya swichi kubwa ya dereva. Hata abiria akibonyeza ya kwake kule nyuma, njia inapita kwa dereva. Wewe unafungua mlango wa mgonjwa, kumbe ugonjwa umelala kwa jirani.

Nilipoifungua swichi ya mwalimu nilikuta hivi: vipande viwili vya shaba vimekaa jirani kama meno, na katikati yao kutu ya kijani, nyembamba kama uzi wa kushonea. Kando yake utando wa kahawia unanata. Soda. Na mguu wa sisimizi umegandia humo. Uzi ule ukiwa mkavu haupitishi kitu cha maana. Ukilowana, umekuwa daraja. Nikausugua kwa spiriti na mswaki mkavu, nikaianika, nikairudisha. Hajarudi tena na kioo kile. Pesa ya mota na swichi nilimrudishia. Si yote, nisiwadanganye.

Hapa niseme jambo la mafuta ya kupulizia, maana nawajua. Swichi ikiwa nzito, mtu anachukua kopo, anaipulizia hapohapo bila kuifungua, inalainika, analipwa. Mwaka 2012 Toyota iliita magari yake milioni 7.43 duniani kote yarudi kurekebishwa kwa sababu ya swichi hiihii ya dereva. Yaris, ambayo sisi tunaiita Vitz, ilikuwemo. Grisi ya kiwandani haikupakwa sawasawa, swichi ikawa inakwama, na onyo lilikuwa kwamba mtu akipulizia mafuta ya dukani, swichi inaweza kuyeyuka, ikatoa moshi, hata moto. Mwaka 2015 wakaita tena milioni 6.5, safari hii grisi ilikuwa pungufu. Kampuni iliyolitengeneza gari imeogopa mafuta ya dukani, sisi na kopo letu tunajiamini nini? Fungua, safisha, kausha. Imeliwa sana, nunua nyingine.

Sasa tuje kwa wale wa vioo vyote vinne. Huyu ukimsikia, usiguse bisibisi. Anasema: nimeegesha, nimefunga vizuri, nimetoka ibadani nimekuta vioo vyote vinne viko chini, viti vimelowa. Jirani anasema gari limechezewa. Wapo waliokwenda hata kwa mganga. (Kicheko.) Msicheke, mmoja yupo humu.

Uliza gari gani na funguo ilikuwa wapi. Magari mengi ya Kijerumani, Volkswagen na BMW kwa mfano, ukibonyeza kitufe cha kufungulia kwenye rimoti na kukishikilia sekunde chache, vioo vyote vinashuka. Wameweka makusudi, ili gari lililokaa juani litoe joto kabla hujaingia. Mzee amekaa kwenye benchi, funguo imebanwa mfukoni kati ya simu na paja, rimoti inabonyezwa, gari liko hapo nje karibu, nalo linatii. Gari ni zima kabisa. Kuna mengine yanafanya hivyo hata ukizungusha funguo kitasani na kuishikilia. Mengi unaweza kuizima huduma hiyo kwenye mipangilio au kwa mashine ya kupimia. Cha kushika kichwani ni hiki: vinne kwa pamoja, fikiria funguo, kimoja peke yake, fikiria swichi au waya.

Kinachopanda halafu kikarudi chini chenyewe ni habari nyingine. Kioo cha otomatiki kina ulinzi wa kutobana mtu. Kikihisi kizuizi kinarudi. Vumbi letu la kiangazi likijaa kwenye mpira wa kioo, kioo kinapanda kwa taabu, nacho kinadhani kimebana mkono. Futa mpira kwa kitambaa chenye maji, kisha silikoni, si grisi, grisi inakusanya vumbi zaidi. Na mwezi wa sita, wa saba, baridi ya Uyole inaua betri zilizochoka. Mtu anachomoa betri, anarudisha, kioo kimesahau mwisho wake uko wapi. Kwa mengi unakishusha mpaka chini, unakipandisha mpaka juu na kuendelea kuvuta swichi sekunde mbili tatu bila kuachia. Toyota nyingine taa ya swichi inapepesa mpaka umfundishe.

Kikianguka kwa kishindo bila mlio wa mota, huo si umeme. Kishikizo cha plastiki kimekatika. Ni matuta ya barabarani hayo.

Ila waya za mlangoni msizidharau. Ule mpira uliokunjamana kati ya mlango na mwili wa gari, vuteni mtazame ndani. Mlango wa dereva unafunguliwa mara ngapi kwa siku, hasa kwa ninyi wa teksi? Waya zinakunjwa palepale, ngozi inachanika, wa moto unamgusa mwenzake. Huyu utamjua: kioo kinachezacheza ukiwa unafungua au unafunga mlango, mvua iwepo isiwepo. Mwingine anafunga solotepu na kuurudisha. Solotepu haikai pale, inapinda na waya. Unga waya mpya, mrefu kidogo, uufunike na kava lake.

Naona mkono nyuma kule. Ndiyo, mama.

Anauliza, kimeshuka usiku, fundi yuko mbali, gari lina mzigo, afanye nini. Swali zuri kuliko yote niliyosema. Kipandishe, halafu chomoa fyuzi ya vioo, mara nyingi ni ya ampia 20 mpaka 30, mchoro wake uko kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Hakitashuka tena maana hakina cha kukishusha. Kikigoma kupanda, fundi atafungua kava la mlango, achomoe soketi ya mota, apeleke moto moja kwa moja kutoka betrini kama nilivyofanya hapa. Mkono wa mtoto usiwe karibu, kwa sababu hapo ule ulinzi haupo.

Haya, naambiwa kuna Noah hapo nje, kioo cha mbele kushoto, na mwenyewe anasema kinashuka akipiga breki. Sijawahi kusikia hiyo. Ila tusiuguse mlango wa kushoto. Nani ana bisibisi ya nyota?