Jukwaa Lililovuka Mpaka: Mhadhara juu ya Josephine Baker

Ndugu zangu, kwamba msanii, hata akiwa mtu wa kuja, ana haki ya kuingia katika siasa, jambo hili nimelisema mara nyingi hapa Unguja na leo nalirudia, kwa kuwa bado wapo wanaotuambia kwamba msanii aimbe na siasa awaachie wenyewe, na kwamba akiwa ni mtu wa kuja basi ndiyo kabisa anyamaze.

Maisha ya Josephine Baker, yule mwimbaji na mchezaji mweusi, mnayajua: kuzaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, kufika Paris 1925 na kundi la wasanii weusi, na uraia wa Ufaransa mwaka 1937 kwa njia ya ndoa. Hapo sikai. Nataka tukae mwaka 1940, Wajerumani wakiwa wameshaishika Paris, kwa sababu mwishoni mwa mwaka huo bibi huyu alisafiri kupitia Hispania hadi Lisbon na karatasi zake za noti za muziki, na juu ya karatasi hizo habari za majeshi ya adui zilikuwa zimeandikwa kwa wino usioonekana. Alifuatana na Jacques Abtey, afisa wa ujasusi wa Ufaransa, aliyejifanya msaidizi wake wa maonesho. Sasa niambieni, mpekuzi gani wa mpakani angemshuku mwimbaji kwa kubeba noti za muziki?

Kuna atakayenijibu kwamba huyo ndiye yule aliyecheza na sketi ya ndizi za bandia. Ndiye, tena mwaka 1926, katika ukumbi wa maonesho wa Folies Bergère huko Paris, mbele ya watu, na mimi sioni haya kulitaja, kwani bila ya umaarufu ule asingeupitisha mzigo ule. Hata Siti binti Saad wetu alikejeliwa kwa kutoka shamba, Fumba, na bado aliimba juu ya mahakama zilizowaonea wanyonge.

Yaliyobaki nayapitia mbio, maana mwenyekiti keshaanza kutazama saa. Mwaka 1951, katika ziara yake ya Marekani, Josephine alikataa kuimba kwenye kumbi zilizowabagua weusi. Tarehe 28 Agosti 1963 alihutubia maandamano ya Washington ya kudai haki za weusi akiwa na sare ya Ufaransa Huru, jeshi la Wafaransa waliowapinga Wajerumani, na medali zake kifuani. Ya watoto 12 aliowalea tuyaache. Mwaka 2021 Ufaransa ilimpa heshima ya kuingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, ambamo mwanasayansi Marie Curie, mzaliwa wa Poland, alikwishatangulia. Basi anayetaka kubishana nami juu ya watu wa kuja, anyooshe mkono.