Upasuaji wa Watoto Wetu Ng'ambo, na Kazi Inayotubakia Hapa Mbeya

Ndugu wazazi, wauguzi na wahudumu wa afya mliotoka Rungwe, Chunya na hapa mjini, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia mashirika ya kujitolea yanayowapeleka watoto nje ya nchi kwa upasuaji.

Wengi mnakumbuka Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia korongoni Karatu na watu 35 wakapoteza maisha. Watoto 3 walionusurika walisafirishwa na wahisani hadi Sioux City, Marekani, wakatibiwa, na Agosti wakarejea nyumbani. Kazi ya namna hiyo ni ya zamani. Friedensdorf, kijiji cha watoto kilichoanzishwa mwaka 1967 mjini Oberhausen, Ujerumani, hupokea watoto bila wazazi wao, kwa sharti kwamba kila mmoja atarudi kwao akishapona. Nchini Ufaransa, La Chaîne de l'Espoir huwaweka watoto kwa familia za kujitolea. Nawaheshimu mno watu hao, maana kumpokea mtoto mgonjwa ambaye hamsikilizani lugha, ukaamka naye usiku anapomlilia mama yake, si jambo dogo.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takriban 8 au 9 huwa na kasoro ya moyo. Baadhi yao hutambulika kwa macho: mtoto anapanda kilima, mara anachuchumaa njiani, midomo na kucha zikiwa za bluu, kwa sababu kuchuchumaa kunasaidia damu zaidi kwenda mapafuni. Inaniuma sana mtoto huyo anapoitwa mvivu, ilhali anastahili kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.

Save a Child's Heart, shirika lililoanzishwa mwaka 1995 na Dkt. Ami Cohen huko Holon, Israeli, limewatibu watoto wengi wa Tanzania Bara na Zanzibar, lakini ninalolithamini zaidi ni kwamba limewafundisha pia madaktari wetu. Leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, inafanya upasuaji mwingi ambao zamani ulihitaji pasipoti na visa, na mara kadhaa madaktari wa nje ndio wanaokuja kushirikiana na wenzao wa hapa.

Hata hivyo, kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mama wa Chunya mwenye karatasi ya rufaa bado anahitaji nauli, pa kulala akisubiri zamu, na mtu wa kuwaangalia watoto aliowaacha. Akisharudi, kazi inaendelea. Mtoto aliyewekewa mlango wa moyo wa chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na damu yake sharti ipimwe mara kwa mara, kwani dawa ikizidi atavuja damu, na ikipungua damu itaganda kwenye mlango huo. Kwa hiyo shirika lolote linaloomba saini ya mzazi, liwe la nje au la ndani, liulizwe kwanza: mtoto akirudi atapimwa wapi, na nani, kwa gharama ya nani? Mzazi asitie saini kabla ya kujibiwa.

Kwa upande wetu, naomba kila mwenye ndugu Dar es Salaam anayeweza kumpa mama na mtoto wake chumba kwa wiki chache aandikishe jina kwa muuguzi aliyekaa hapo mlangoni, pamoja na namba ya simu ya huyo ndugu, baada ya kukubaliana naye.